Lomé, Cotonou au Tema: bandari ipi inafaa, na inamfaa nani

Nianze na jibu ili mwenye haraka zake aondoke nalo. Mzigo wa kwenda Niger, kwa hali ilivyo, pitisha Lomé, Togo. Wa kwenda Ouagadougou, mji mkuu wa Burkina Faso, pitisha Lomé au Tema ya Ghana, inategemea mtu wako yuko wapi. Cotonou ni ya mwenye soko lake Benin kwenyewe, au anayefanya biashara na Wanigeria na anajua vizuri anachokifanya. Abidjan ya Côte d'Ivoire ni ya mzigo mzito wa kupanda treni. Waliobaki sasa tukae tuongee, maana watu wengi wakichagua bandari ya Afrika Magharibi wanauliza kina cha maji na bei ya kushusha kontena basi, wakati kina siku hizi karibu zote wanacho, kinachozitofautisha ni barabara iliyoko nyuma ya bandari na jinsi serikali yake inavyoishi na majirani. Hapo ndo pesa yako inaponea au inapopotelea.

Angalia ramani kwanza. Togo ufukwe wake wote haufiki kilomita 60, Benin inapata kama 120 hivi, na kutoka Lomé mpaka Cotonou ni kilomita kama 150 tu, yaani hata Dar mpaka Morogoro ni mbali zaidi. Upande wa pili Lomé mpaka Tema haifiki 200. Kwa hiyo una bandari tatu kubwa zimebanana kwenye kipande cha pwani ambacho ni kama Dar mpaka Tanga, zote zinamgombania mteja yuleyule, nchi zisizo na bahari, Burkina Faso, Niger na Mali. Sisi tumezoea Mombasa na Dar zikiwagombania Uganda, Rwanda na Kongo, ila kule ugomvi ni mkali zaidi kwa sababu mteja akinuna leo, wiki ijayo mzigo uko kwa jirani.

Na sio maneno tu, imeshatokea. Abidjan ndio ilikuwa mkubwa wa wote miaka ile, ina mfereji wa Vridi uliofunguliwa 1950 na reli inayopanda moja kwa moja hadi Ouagadougou. Septemba 2002 vita ikaanza Côte d'Ivoire, nchi ikagawanyika katikati, treni ikasimama, na wafanyabiashara wa Burkina na Mali hawakukaa kusubiri amani, wakahamia Tema, Lomé, Cotonou na Dakar. Ndo kipindi bandari hizi ndogo zilipojifunza kumbe zinaweza. Hali ilipotulia wengine walirudi Abidjan, wengine wakawa wameshazoea mawakala wapya, na mfanyabiashara akishazoea wakala ambaye hamwibii sio rahisi kumtoa.

Sasa Lomé. Wajerumani walijenga gati la kwanza pale 1904 enzi za ukoloni wao, na bandari ya kisasa ikafunguliwa 1968 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Bahati yao kubwa ni kina, mita 16 na ushee, na walikuwa nacho wakati wenzao bado wanahangaika kuchimba. Mwaka 2014 ikaanza kazi terminali mpya ya makontena, Lomé Container Terminal, ambayo nusu ni ya kundi la meli la MSC la Uswisi na nusu ya China Merchants. Hapo mambo yakabadilika kabisa. Mwaka 2013 Lomé ilikuwa haijafikisha makontena laki 4 kwa kipimo cha futi 20, ikifika 2020 ilikuwa imepita milioni 1.7, na katikati hapo ikaipita Lagos. Nchi ya watu kama milioni 9 inaipita nchi ya watu zaidi ya milioni 200 kwa makontena! Ukisikia hivyo unaweza kudhani Togo wamekuwa Singapore.

Taratibu. Makontena mengi ya Lomé hayaingii Togo kabisa. Meli kubwa kutoka Asia inakuja inashusha, yanapangwa uwanjani, halafu meli ndogo inayabeba kuyapeleka bandari nyingine za pwani hiyohiyo ambazo zina foleni au meli kubwa haiziendei. Kwa kontena la namna hiyo Togo inapata ada ya bandari, inapata chochote ilichokubaliana na mwendeshaji kwenye mkataba, na vijana wanapata kazi za gatini na krenini. Ushuru wa forodha haupati, kwa sababu mzigo sio wa Togo. Ndio maana tarakimu za Lomé zinapendeza sana kwenye magazeti ila Mtogo wa Kara, huko kaskazini, ukimuuliza maisha yamebadilikaje kwa sababu ya bandari anakuangalia tu.

Halafu kuna hili la nani ameshika funguo. Desemba 2022 MSC ilinunua biashara yote ya bandari na usafirishaji ya kampuni ya Kifaransa ya Bolloré barani Afrika kwa euro bilioni 5.7, siku hizi inaitwa AGL. Ndani ya mzigo huo ilikuwemo terminali ya pili ya makontena pale Lomé. Kwa hiyo kampuni ileile yenye meli ndiyo yenye nusu ya terminali moja na ndiyo iliyoikamata nyingine. Wale mliofuatilia ule mjadala wa bandari ya Dar mwaka 2023, mnajua maswali yote yanayofuata hapo, sina haja ya kuyarudia. Mimi naona kwa Togo dili hili lina faida ya kweli, MSC haiwezi kuikimbia Lomé kirahisi maana imewekeza, ila pia Togo haiwezi kuibania sana MSC, wameshikana mashati.

Tofauti na hapo kulikuwa na faida moja ya bandari ya Lomé ambayo iliingia kabisa mifukoni mwa watu, na waliopata walikuwa wanawake. Nazungumzia Nana Benz. Miaka ya sitini hadi themanini, Togo ushuru wake ulikuwa mdogo kuliko wa majirani, vitenge vya wax kutoka Uholanzi vinashuka Lomé, akina mama wa soko kuu wanavinunua kwa jumla, wana haki ya kuuza aina fulani za nakshi peke yao, na wateja wanatoka Ghana, Burkina, Kongo, kila mahali. Wakatajirika mpaka wakawa ndio wenye Mercedes mjini na jina likatokea hapo. Januari 1994 faranga ya CFA ikashushwa thamani kwa nusu dhidi ya faranga ya Ufaransa, kitenge cha Ulaya kikawa ghali ghafla, baadaye zikaja kopi za China na biashara ikahama mikono. Lakini kwa muda wake ile ndio ilikuwa bandari inayolisha mtaa, sio kontena kupita juu kwa juu.

Cotonou ni hadithi nyingine kabisa, na kiukweli mimi ndiyo inayonivutia zaidi kuielewa. Wafaransa walikuwa na gati la chuma pale tangu 1891, bandari yenyewe ikafunguliwa 1965. Haina bahati ya kina cha asili kama Lomé, mchanga unatembea, lazima ichimbwe na kukingwa. Ila Benin inaishi kwa bandari hii kuliko nchi yoyote ya pale. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba asilimia 80 mpaka 90 ya mapato ya forodha yanapitia hapo. Kwa hiyo wakati Lomé inakula ada za meli, Cotonou inakula ushuru, na ushuru huo unatokana na bidhaa ambazo nyingi mlaji wake wa mwisho hayuko Benin, yuko Nigeria.

Mfano mchele. Benin imekuwa ikiagiza mchele uliochemshwa kabla ya kukobolewa, kutoka Thailand na India, kwa wingi ambao Wabenin wenyewe wasingeumaliza hata wakila asubuhi mchana jioni, na kibaya zaidi Wabenin wengi wanapenda mchele mweupe wa kawaida. Anayekula ule mwingine ni Mnigeria. Nigeria inauwekea ushuru mkubwa au inaupiga marufuku, Benin inauingiza kwa ushuru mdogo, halafu unavuka mpaka kwa pikipiki, kwa mitumbwi, kwa njia za vichakani. Magari ya mitumba hivyohivyo. Kuna viwanja vikubwa Cotonou vya magari kutoka Ulaya na Marekani, wafanyabiashara wengi Walebanoni, wateja Wanigeria. (Kwa ndugu zetu mlioko Ubelgiji na Ujerumani mnaotaka kuingia biashara hii: kule usukani ni wa kushoto, Ghana yenyewe iliacha kuendesha upande wa kushoto wa barabara kama Waingereza mwaka 1974, kwa hiyo zile gari za Japan za usukani wa kulia za Dar na Mombasa huko haziuziki.)

Tatizo la kula kwa mgongo wa jirani ni kwamba siku jirani akiinuka unaanguka. Nigeria ilipiga marufuku kuingiza magari kwa njia ya barabara kuanzia Januari 2017. Agosti 2019 ikafunga mipaka ya nchi kavu kabisa, ikaja kufungua Desemba 2020. Zaidi ya mwaka mzima! Waliokuwa na shehena ya mchele Cotonou na waliokuwa na magari viwanjani walikaa wanaangaliana tu. Kisha 2023 naira ikaporomoka, na mteja ambaye pesa yake imekuwa karatasi hata umfungulie mpaka atanunua nini. Mtu akiniambia anataka kuweka mtaji wake wote Cotonou kwa ajili ya soko la Nigeria namuuliza tu kama anaweza kukaa miezi 16 bila kuuza.

Na bado hujafika kwa Niger. Miaka yote Cotonou ndiyo ilikuwa mlango wa Niger, ndiyo njia fupi, unapanda kaskazini mpaka Malanville, unavuka daraja la mto Niger unaingia Gaya, halafu Dosso, Niamey, kilomita elfu moja na kidogo. Julai 26, 2023 jeshi la Niger likampindua Rais Bazoum, ECOWAS (jumuiya ya kiuchumi ya Afrika Magharibi) ikaweka vikwazo, Benin ikafunga mpaka. Februari 2024 vikwazo vikaondolewa na Benin ikawa tayari kuendelea na biashara, lakini Niger ikagoma kufungua upande wake, ikidai usalama wake uko hatarini. Ikafika mahali Mei 2024 Rais Talon wa Benin akazuia mafuta ghafi ya Niger yasipakiwe melini mpaka bidhaa za Benin ziruhusiwe kuingia, wakati bomba lenyewe la karibu kilomita 2,000 kutoka Agadem mpaka pwani ya Sèmè ndo limemalizwa juzijuzi! Baadaye mafuta yakaruhusiwa, ila daraja la Malanville likabaki vilevile na watu wa pale wakawa wanavusha bidhaa kwa mitumbwi huku wanalitazama.

Mzigo wa Niger ulikwenda wapi? Lomé. Na hapa ndo siasa ya Togo inapoonekana. Togo ni mwanachama wa ECOWAS kama wengine lakini haikununa na wanajeshi waliotwaa madaraka, ilikuwa mpatanishi hata kwenye ile kesi ya askari 49 wa Côte d'Ivoire waliokamatwa Bamako, Mali, 2022, na Mali, Burkina na Niger zilipotoka rasmi ECOWAS Januari 29, 2025 Lomé iliendelea kuwahudumia kama kawaida. Wengine wanasema ni ujanja, wengine wanasema ni kukosa msimamo. Kwa mwenye kontena bandarini ni dirisha liko wazi, basi.

Ila usidanganyike kwamba njia ya Lomé kwenda Niamey ni raha. Huwezi kukata moja kwa moja, lazima upite Burkina: unapanda Togo yote mpaka Cinkassé, unaingia Burkina, Koupéla, Fada N'Gourma, Kantchari, halafu ndo Torodi na Niamey, zaidi ya kilomita 1,200, na kipande cha Fada kwenda Kantchari kina makundi yenye silaha. Malori yanakwenda kwa misafara ya kusindikizwa na jeshi, na msafara hauondoki mpaka ukamilike, dereva anaweza kukaa wiki kadhaa anapika chini ya trela. Mkoa wa Savanes kaskazini mwa Togo nao uko kwenye hali ya hatari tangu Juni 2022. Kwa hiyo ninaposema pitisha Lomé sisemi ni njia nzuri, nasema ni njia iliyopo. Mzigo unaooza usiupitishe huko. Bima soma vizuri kama inagusa ugaidi na uporaji, nyingi hazigusi mpaka uongeze.

Tema sitaisema sana kwa sababu haina makuu. Ilijengwa enzi za Nkrumah, ikaanza 1962, terminali mpya ya makontena ilianza 2019 na kina cha mita 16. Ghana ina soko lake la watu zaidi ya milioni 30, ina kakao, dhahabu, mafuta, kwa hiyo bandari yake haiishi kwa mzigo wa majirani, mzigo wa Burkina kwao ni nyongeza. Hii ina pande mbili: hawafi kwa njaa jirani akikasirika, lakini pia wewe mwenye mzigo wa kupita sio mteja wa kwanza kubembelezwa. Faida kwa Mswahili ni lugha, nyaraka zote Kiingereza, hakimu anasoma mkataba wako bila mkalimani. Hasara ni sedi. Mwaka 2022 Ghana iliishiwa, ikasimamisha kulipa madeni yake mengi ya nje, na sedi ilianguka vibaya sana. Togo na Benin wanatumia faranga ya CFA ambayo imefungwa kwenye euro kwa 655.957, wengi hawaipendi kwa sababu za kisiasa na wana hoja, ila ukiandika bei leo mwezi ujao ni ileile.

Abidjan nako haraka tu: reli ipo, ni ya zamani na ya geji nyembamba, kilomita kama 1,150 hadi Ouagadougou, nzuri kwa klinka (malighafi ya saruji), mbolea, na vitu vizito visivyo na haraka. Mfereji wa Vridi umepanuliwa, terminali ya pili ya makontena ikafunguliwa 2022. Nchi hii inatoa kama asilimia 40 ya kakao ya dunia, na San-Pedro bandari yake ya pili ndiyo kinara wa kusafirisha kakao. Ubaya wake kwa sasa ni kwamba watawala wa Ouagadougou na Abidjan hawaivi, na umeshaona huko juu mambo hayo yanaishiaga wapi.

Kama swali lako sio la mzigo bali ni nchi gani imejipanga vizuri na bandari yake, angalia nini kinapakiwa wakati meli inaondoka. Lomé na Cotonou zote mbili tatizo lao ni hilo, zinaingiza mno, zinatoa pamba, fosfeti (ya Togo inapakiwa Kpémé, gati lake la peke yake), korosho. Zote mbili zimejenga eneo la viwanda na kampuni ileile, Arise, Togo kule Adétikopé nje ya Lomé na Benin kule Glo-Djigbé. Benin ikaenda mbele zaidi, kuanzia Aprili 2024 imepiga marufuku kusafirisha korosho ghafi, zibanguliwe nyumbani, jambo ambalo watu wa Mtwara wamelisikia kwenye hotuba miaka na miaka. Kwa hili mimi naipa Benin pointi. Cotonou imeumizwa mara mbili na majirani ndani ya miaka minne, na aliyeumizwa huwa anatafuta chake, wakati Lomé kwa sasa inapata mteja wa bure kila Benin inapogombana na mtu, na sioni haraka hiyohiyo pale.

Mwisho mambo ya kiutendaji, haya yanafanana bandari zote. Kabla meli haijaondoka hakikisha una cheti cha kufuatilia shehena, wanaoongea Kifaransa kule wanakiita BESC, nchi nyingi za pale zina chake na ukifika huna unapigwa faini. Kama mzigo ni wa transiti basi BL (hati ya kusafirishia mzigo melini) iandikwe wazi nchi ya mwisho, ukiacha jina la bandari peke yake unaweza kutozwa kama mzigo wa pale. Malori usijichagulie kienyeji: kuna mgawanyo kati ya nchi, theluthi mbili ya mzigo inabebwa na malori ya nchi unakokwenda na theluthi moja ya nchi yenye bandari, na mabaraza ya wasafirishaji wa Burkina na Niger yana ofisi zao bandarini kwa ajili hiyohiyo. Na kontena lenyewe, kampuni ya meli inadai dhamana kubwa likipanda bara, maana kulirudisha tupu kutoka Niamey ni shughuli. Ndio maana utaona wafanyabiashara wengi wanalifungua palepale bandarini, mzigo unapakiwa juu ya lori unafungwa turubai, kontena linarudishwa siku hiyohiyo. Inaongeza gharama ya vibarua na vitu vingine vinachubuka, lakini ukipiga hesabu ya demareji (faini ya kuchelewesha kontena) ya lori lililokwama kwenye msafara Fada, vibarua ni rahisi.